Maswali ya Wasomaji: Bei Imekubaliwa, Kijana Kaenda Chelsea

SWALI: Ni shabiki wa Liverpool hapa Morogoro. Hadi leo kijiweni tunazodolewa kwa yale ya Agosti 2023. Kocha wetu wa wakati huo, Jürgen Klopp, mwenyewe alitamka mbele ya waandishi kwamba wameelewana na Brighton kuhusu kiungo wao Moisés Caicedo, siku tatu baadaye kijana yuko Chelsea. Brighton walitugeuka?

JIBU: Hapana. Klopp alisema kweli, ila alichotangaza ni nusu ya usajili. Klabu mbili zikielewana ada, mnunuzi hajapata mchezaji, amepata ruhusa ya kuzungumza naye. Bado kuna mshahara, urefu wa mkataba, fungu la wakala na vipimo vya afya, ndipo sahihi. Mchezaji akisema "sitaki", mambo yote yanaishia hapo, hata dau liwe kubwa namna gani.

Liverpool walifika takriban pauni milioni 110. Caicedo, miaka 21 wakati huo, alikuwa amekwishaipa Chelsea moyo wake, hivyo Chelsea wakaongeza: milioni 100 za uhakika na nyongeza zinazoweza kufika milioni 15. Mkataba ukawa wa miaka minane, na hapo ndipo ujanja ulipokaa. Kwenye vitabu vya hesabu ada hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Milioni 115 kwa miaka minane ni kama 14.4 kwa mwaka. Kwa mitano ni 23. Desemba 2023 Ligi Kuu ya England ikaweka ukomo wa kugawanya kwa miaka mitano, hata mkataba uwe mrefu zaidi. Mlango huo sasa umefungwa, na si kwa Chelsea peke yao.

SWALI: Sawa, Caicedo alikataa. Na Roméo Lavia je? Huyo tulimfukuzia kiangazi kizima! (Shabiki, Nairobi)

JIBU: Hapo kelele zenu zilikuwa na haki. Viungo wa Liverpool, Fabinho na Henderson, walikuwa wameshauzwa Saudi Arabia, kwa hiyo kila muuzaji alijua Liverpool wana pengo la kiungo mkabaji. Ofa zao tatu ziliripotiwa kukataliwa, zikipanda kidogo kidogo, huku Southampton, klabu ya Lavia, wakisimamia pauni milioni 50. Kupunguza bei kwao kulikuwa kugumu: Manchester City, waliomuuza 2022, walijiwekea fungu la mauzo yajayo. Kubembeleza bei ni sawa kama hakuna mwingine sokoni. Chelsea walipoingia, kijana wa miaka 19 akawa na pa kuchagua, akaenda Chelsea.

Lakini fuatilieni kilichofuata. Lavia aliumia, akacheza dakika 32 tu za ligi msimu wake wa kwanza. Liverpool wakamchukua Wataru Endo, miaka 30, ambaye wengi mlimcheka, na Septemba 1 akatua Ryan Gravenberch kutoka Bayern, miaka 21. Mwaka 2024 walimkosa tena kiungo mkabaji, Martín Zubimendi, aliyebaki Real Sociedad. Kocha mpya, Arne Slot, akamrudisha Gravenberch chini mbele ya mabeki. Msimu ulipoisha Liverpool walikuwa mabingwa, na Gravenberch akatajwa mchezaji bora kijana wa ligi. Sina hakika kuna aliyeupanga mwisho huo.

SWALI: Nafundisha timu ya watoto Tanga. Mtoto akija kuuzwa kwa fedha kama hizo, sisi tunapata chochote? (Kocha)

JIBU: Mnapata, kama makaratasi yapo. Mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Kwa ada ya milioni 100, mwaka mmoja wa mtoto wa miaka 14 ni pauni 250,000. Tangu 2020 fungu hili hulipwa hata akihama kati ya klabu mbili za nchi moja, ilimradi waliomlea wako nchi nyingine.

Wengi hukosa kwa sababu moja: mtoto alicheza misimu mitatu bila kusajiliwa TFF (shirikisho la soka Tanzania), kwa hiyo pasipoti yake ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa, haiitaji timu hiyo kabisa. Msajilini kila msimu, kwa tarehe sahihi ya kuzaliwa, na nakala mbaki nazo.