Mwanangu, Hasarmawethi Alikuwa Nani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako anakusalimu sana. Umeandika kwamba umefika sura ya 10 ya kitabu cha Mwanzo, ukakwama kwenye aya ya 26, pale wanapoanza kuorodheshwa wana 13 wa Yoktani mwana wa Eberi. Ukauliza Hasarmawethi ni nani, na kwa nini jina lake lirudiwe katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati ilhali hasimuliwi kutenda jambo lolote. Nafurahi kwamba hukuliruka jina hilo, kwa kuwa nyuma yake limesimama taifa zima.

Hasarmawethi ni Hadhramaut, nchi iliyoko kusini mwa Bara Arabu, ndani ya Yemen ya leo. Sura hiyo ya 10 inayapanga mataifa yaliyojulikana wakati ule kwa namna ya ukoo, baba na wanawe, kwa hiyo ni vyema uisome kama ramani. Ndugu za Hasarmawethi wanaotajwa pamoja naye, akina Sheba, Ofiri na Havila, nao ni nchi na makabila ambayo sehemu nyingine za Biblia huyataja kwa dhahabu na manukato.

Watu wa Hadhramaut walisifika kwa ubani. Mti wake ni mfupi, wenye matawi yaliyopindapinda, huota penye ukame na mawe, hasa Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman, na katika nchi inayopakana nayo upande wa magharibi. Mvunaji huchanja gome, utomvu mweupe ukatoka, kisha huuacha siku kadhaa hadi ugande, ndipo arudi kuukwangua. Utomvu wa mchanjo wa kwanza hauthaminiwi sana. Ubani mzuri hupatikana katika michanjo inayofuata, kwa hiyo kazi hii humtaka mtu awe na subira na aujue mti wake.

Ubani uliovunwa ulipelekwa Shabwa, mji mkuu wa ufalme wa Hadhramaut, uliokuwa ukingoni mwa jangwa. Plinio, mwandishi Mrumi aliyefariki mwaka 79, anaeleza kwamba mzigo uliingia mjini kwa lango moja tu, na aliyeacha njia iliyowekwa adhabu yake ilikuwa kifo. Makuhani walitwaa sehemu ya kumi kwa ajili ya mungu wao, tena kwa kupima ujazo na si uzito, na kabla ya zaka hiyo kutolewa hapakuwa na ruhusa ya kuuza chochote. Kutoka Timna, mji wa majirani zao wa Qataban, misafara ilikwenda hadi Gaza kwa vituo 65 vya ngamia, na katika kila sehemu ya njia palikuwa na mtu wa kulipwa: huyu kwa maji, yule kwa malisho, mwingine kwa malazi, mwingine kwa ushuru. Plinio anakadiria kwamba gharama hizo zilifika dinari 688 za Kirumi kwa ngamia mmoja kabla ya kuifikia pwani ya Mediterania. Nakuandikia hesabu hii kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi nchi yenye ukame kiasi kile ilivyoweza kuwa na wafalme, mahekalu na kuta za mawe.

Palikuwa na njia ya bahari pia. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unasema kwamba ubani wa nchi hiyo ulikusanywa katika bandari ya Qana, ukiletwa kwa ngamia, kwa mashua, na kwa vyelezo vilivyoundwa kwa viriba vya ngozi. Mwongozo huohuo unashuka pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari ya kale ya Rhapta, kwa hiyo upepo uliowafikisha wafanyabiashara Qana ni jamaa ya kaskazi na kusi tunazozijua sisi. Upande wa mashariki, watu wa Hadhramaut walijenga bandari ya Sumhuram huko Dhofar, ambayo magofu yake ni sehemu ya Nchi ya Ubani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kitabu cha Kutoka, katika 30:34, kinaagiza kwamba ubani safi uwe miongoni mwa viungo vya uvumba mtakatifu, na mti wake si wa asili ya nchi ya Israeli. Huko Arad, katika jangwa la Negevu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hekalu dogo la ufalme wa Yuda lenye madhabahu mbili, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa juu ya mojawapo mlibaki mabaki ya ubani uliochanganywa na mafuta ya wanyama. Utomvu huo ulikuwa umetoka mbali mno hata kufika pale. Yeremia naye, katika 6:20, anapowakemea watu kwa sadaka zisizo na utii, anautaja ubani utokao Sheba, kwa kuwa Wasaba, yaani watu wa Sheba, ndio walioutawala sana msafara wa kwenda kaskazini.

Basi tazama ukoo huu umewaweka wapi watu hao. Eberi alikuwa na wana wawili, Pelegi na Yoktani. Kwa Pelegi akatoka Ibrahimu. Kwa Yoktani wakatoka Sheba na Hasarmawethi. Mwandishi angeweza kuwataja wavunaji na wachukuzi wa ubani kama wageni wa mbali wanaokuja kuuza na kuondoka. Yeye amewaandika kuwa ndugu, wajukuu wa babu mmoja na Ibrahimu, ingawa hawakupewa agano lile ambalo Mungu alifanya na Ibrahimu. Kwangu mimi, hilo linatosha kuwa sababu ya jina hilo kuandikwa, na kuandikwa tena.

Ufalme wa Hadhramaut ulimezwa na ufalme wa Himyar, jirani yake, mwishoni mwa karne ya tatu, lakini nchi imebaki na jina lake, na watu wake hawakuacha kusafiri. Washihiri unaowajua Mombasa, Lamu na Unguja wameitwa hivyo kwa bandari ya Shihr, iliyo katika pwani hiyohiyo ya Hadhramaut.

Ukiendelea kusoma utamkuta Sheba akiwa na baba watatu tofauti: Raama katika Mwanzo 10:7, Yoktani katika 10:28, na Yokshani mwana wa Ibrahimu katika 25:3. Usidhani umekosea kusoma. Mimi naona kwamba Wasaba walijulikana kwa jamii nyingi zilizokaa kando ya njia zao, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kuwahesabu katika ukoo. Soma aya hizo tatu pamoja na Ezekieli 27:22, uniandikie unavyoliona wewe.

Ni mimi baba yako akupendaye.