Pepa yangu imepita, sasa nimjibu mdogo wangu wa Dodoma

Juzi usiku imeingia imeili, pepa imekubaliwa. Mara ya nne jamani! Mara tatu ilikataliwa na ile ya pili nililia, sifichi. Asubuhi yake nikakuta mesenji ya binti mmoja anasoma kompyuta Dodoma mwaka wa tatu, anataka kuja kufanya PhD kwenye haya mambo yetu ya watu na kompyuta, anauliza aanzie wapi. Nakujibu hapa mdogo wangu maana mko wengi.

Mimi nilianza na apu. Mwaka wa kwanza wa PhD nikatengeneza apu ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa pesa, hisa, mikopo, faini, vyote ndani ya simu, nikapanda daladala mpaka Mbagala kwenye kikundi cha akina mama nikiamini kwa moyo wote kwamba nimewaletea msaada. Wiki ya sita anayeitumia ni katibu peke yake, tena anaandika kwenye daftari kama zamani, akifika nyumbani watoto wakishalala anaanza kuandika upya kwenye simu. Namuuliza mama mbona unajichosha, ananiambia, "Si ni ya shule yako mwanangu?" Hilo neno mpaka leo linaniuma.

Jonathan Grudin, mtafiti wa haya mambo yetu, aliliandika hili toka 1988, kwamba programu za kazi za pamoja zinakufa pale anayebeba kazi siye anayepata faida. Nilishaisoma, nimeipigia na mstari, na bado sikujua inamsema huyu mama niliyekaa naye mkeka mmoja.

Halafu kuna sanduku la pesa la kikundi. Lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote wawepo na wanachama wanaona. Apu yangu ilikuwa na nywila moja kwenye simu moja. Mwenyekiti akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, umetuletea sanduku la kufuli moja."

Basi pepa ikawa hiyo, makufuli, apu nikaiweka pembeni. Miezi ya kuandika naruka. Mhakiki mmoja akasema stori nzuri ila inahusu Tanzania tu. Tanzania tu! Lucy Suchman, mtafiti mwingine, aliangalia watu wanavyohangaika na mashine ya fotokopi pale Xerox PARC, maabara ya kampuni ya Xerox huko California, kitabu chake cha 1987 tunakisoma mpaka leo na sijawahi kusikia mtu akisema hizo ni habari za ofisi moja ya Wamarekani. Mkeka wa Mbagala ndio unaambiwa ni mdogo.

Kwa hiyo mdogo wangu, kaa fildi. Ukimaliza kaa tena. Nenda na daftari, apu iache nyumbani. Tafuta supavaiza anayekuuliza habari za watu wako kabla ya kukuuliza matokeo. Jaribu AfriCHI pia, kongamano la Afrika la haya mambo ya watu na kompyuta, lilianzia Nairobi 2016, hapo kuna watu wanaojua kikoba ni nini bila kuelezwa. Ukikataliwa acha wiki ipite ndio usome maoni, halafu rudi fildi. Na nyie mnaotengeneza apu za wakulima hamjawahi kulala kijijini hata usiku mmoja, acheni jamani, mnawapotezea watu muda wao, na muda wa mama mwenye watoto siyo wa kuchezea.

Jana nimempigia katibu. Akauliza, "Ile ya makufuli?" Nikamwambia ndiyo mama, ile ile. Akapiga kigelegele kwenye simu, kisha akasema Jumamosi wanavunja kikoba, nije mapema nikae pale pangu kwenye mkeka.