Maswali yenu kuhusu vita vya Wajerumani na Waingereza

Wiki iliyopita niliandika aya moja tu kuhusu ile sanamu ya askari wa shaba pale Samora na Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam. Maswali yakamiminika kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa huku kwetu, wakati Tanzania Bara ilipokuwa koloni la Wajerumani na Kenya ikiwa chini ya Waingereza. Nimechagua sita, na lile la Kariakoo nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Ugomvi ulianzia Ulaya. Kwa nini damu imwagike Taveta na Tanga? (Msomaji, Voi)

Mlango wa kuviepuka vita hivyo ulikuwepo. Mkataba wa Berlin wa 1885, ule ule wa kugawana Afrika, uliruhusu makoloni ya bonde la Kongo na nchi za jirani, sisi tukiwemo, yawekwe kando endapo wakubwa wangepigana kwao. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitamani iwe hivyo. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, ikiulenga mnara wa redio. Wiki moja baadaye Wajerumani wakavuka mpaka na kuitwaa Taveta.

Kila upande ulikuwa na hesabu yake. Uingereza iliogopa kwamba meli za Kijerumani zingetumia bandari za pwani hii kuvuruga safari za Bahari ya Hindi. Kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua fika kwamba kwa jeshi lake dogo hawezi kuwashinda Waingereza. Alichotaka ni kuwavuta askari wengi wa adui waje huku, ili wasipelekwe kupigana Ulaya. Yaani shamba la Mpare na ng'ombe wa Mtaita viliteketea ili mahandaki ya Ufaransa yapate nafuu kidogo. Kila nikilifikiria jambo hilo hasira hunipanda.

Ni kweli nyuki waliwafukuza Waingereza Tanga? (Mwanafunzi, Muheza)

Nyuki walikuwepo kweli, na ndiyo maana wengine huyaita mapigano yale Vita vya Nyuki. Lakini waliwauma wa pande zote mbili. Waingereza walidai baadaye kuwa Wajerumani waliwatega kwa makusudi, ambalo si kweli. Mizinga ya nyuki ilikuwa mitini, risasi zikaipasua.

Kilichowaponza Waingereza ni uzembe. Askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, waliletwa wakiwa hoi baada ya wiki nyingi melini. Kabla ya kushuka, tarehe 2 Novemba 1914, nahodha wa manowari Fox aliwaarifu wakuu wa mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha. Basi Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuteremsha watu wake kwa reli kutoka Moshi. Walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 wakawarudisha wavamizi baharini. Waingereza walipoondoka waliacha bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki za kawaida na risasi 600,000. Silaha hizo ziliwalisha Wajerumani kwa miezi mingi, kwa sababu ni meli chache mno za kwao zilizoweza kupita.

Ule mzinga mkubwa ulioko Fort Jesus ulitoka wapi? (Msomaji, Likoni)

Iko miwili, na historia zake zimefungamana. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa na hiyo Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji hadi ilipoharibiwa Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 na kuizungusha nchi kavu. Mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu kuuvuta. Watu hao ndio wa swali linalofuata.

Nimesikia jina Kariakoo linatokana na vita. Inakuwaje soko liitwe kwa jina la vita? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kama lilivyotamkwa na watu wenyewe. Walipoitwaa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, Waingereza waliweka kambi ya wapagazi kwenye eneo hilo. Nairobi nako iko Kariokor, jina lile lile. Miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki inanunua nyanya, vitambaa na viatu juu ya jina la kambi ya wapagazi, na wengi wetu hatujui.

Kwa nini wapagazi? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu, reli zilikuwa chache, na mvua zikinyesha magari yalizama kwenye tope. Ikabaki shingo ya mtu. Kila unga, risasi, dawa na hema ya afisa ilibebwa kichwani, kilo 25 hivi kwa mzigo mmoja, kwa mamia ya maili. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali, ndivyo wapagazi walivyohitajika kubeba chakula cha wapagazi wenzao. Fikiria mnyororo huo ulikuwa mrefu kiasi gani.

Ukijumlisha pande zote, watu waliobebeshwa mizigo walizidi milioni moja. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa wapagazi 95,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu wa nyanda za baridi walipelekwa mabonde ya joto. Waliozoea ndizi na viazi walipewa unga wa mahindi bila muda wala sufuria ya kuupika uive, na matumbo yakawaharibika njiani. Wajerumani hata kuwahesabu wafu wao wa aina hiyo hawakujali. Walikamata watu vijijini wanapopita na kuwaacha walipoanguka.

Afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni kule London aliandika kwamba kampeni hii ilinusurika kuwa kashfa kwa sababu tu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anawajali wapagazi wenyeji? Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado sijayazoea.

Na si wao tu. Ugogo ulinyang'anywa nafaka na ng'ombe na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, kisha Waingereza wakachukua vijana kwa maelfu. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 katika watu 150,000. Halafu mafua ya 1918 yakawakuta waliobaki wamedhoofu.

Wazee wetu walikubali tu? (Msomaji, Malindi)

Wewe wa Malindi unapaswa kuwa wa kwanza kutujibu. Wagiriama walikuwa wameshakataa kutoa vijana wa kazi hata kabla ya vita, wakiongozwa na sauti ya mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza. Agosti 1914, wiki zile zile vita vilipoanza, Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kwa baruti, wakachoma nyumba na kuwatoza watu faini. Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini akiuliza kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usio wao. Barua ikazimwa na wakaguzi wa serikali. Januari 1915 akainua watu wake, akauawa. Msumbiji nako, 1917, watu wa Barue waliasi dhidi ya Wareno, na kukamatwa kwa wapagazi kulikuwa miongoni mwa sababu.

Wengine walikimbilia porini, wengine walivuka mpaka usiku. Kutoroka nako kulikuwa kukataa.

Nani alishinda, na sisi tulipata nini? (Msomaji, Kigoma)

Kwa huko kwenu tuanze na meli. Ile Liemba inayojulikana ziwani ni Graf von Götzen ya Wajerumani, iliyoletwa vipande vipande kwa reli na kuzinduliwa 1915. Walipozidiwa, Julai 1916, waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiopoa, na 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya. Wakati huo huo Wabelgiji walikuwa wameingia kutoka Kongo na jeshi lao la Force Publique, na Septemba 1916 wakaitwaa Tabora.

Lettow-Vorbeck hakukamatwa. Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akazunguka hadi Rhodesia ya Kaskazini, na huko ndiko habari za amani zilimkuta. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, leo Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Washindi wakagawana: Uingereza ikachukua nchi iliyoiita Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, Ureno ikapata pembe ndogo ya Kionga kusini mwa Ruvuma. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

Kuhusu malipo: 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari wazee Waafrika wa jeshi la Wajerumani waliobaki hai walipwe mishahara yao ya zamani. Wapagazi hawakukumbukwa. Na upande wa Waingereza, mishahara ya wengi waliofia njiani haikufika kwa wajane wao, kwa madai kwamba ndugu hawakupatikana. Majina yao pia hayakuandikwa makaburini. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna bibi anayesema babu yake alikwenda Kariakoo asirudi, usidhani alikwenda sokoni. Muulize aliitwa nani, alitoka kijiji gani na aliondoka na nani. Andika, kisha nitumie.