Kwako unayeanza kufundisha Kiingereza majumbani

Nimekuwa nikifundisha Kiingereza majumbani hapa Dar es Salaam kwa miaka 14. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto waliomaliza darasa la saba. Mtihani wao huwa Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, na hapo katikati ndipo simu za wazazi zinapoita bila kupumzika. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma Sayansi, Hisabati na Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili miaka saba mizima. Januari anaingia darasa jipya na kukuta Baiolojia, Jiografia na Kemia vyote viko kwa Kiingereza. Mzazi anataka miezi mitatu ifanye kazi ya miaka saba. Usimuahidi. Mwambie kweli siku hiyohiyo ya kwanza, hata kama unaihitaji sana hiyo kazi.

Mwanzoni nilikosea vibaya, na ningependa wewe usipite njia hiyo. Nilikuwa napiga marufuku Kiswahili. Nikishaketi mezani na mtoto, ni Kiingereza tu mpaka saa yetu iishe. Kulikuwa na kijana mmoja wa Tandika, mpole, mwandiko mzuri, ambaye alikaa na mimi wiki mbili bila kunijibu zaidi ya "yes teacher". Nikaanza kuamini ni mzito wa kuelewa. Siku moja nilichoka, nikamuuliza kwa Kiswahili: mmea unapataje chakula chake? Akafunguka. Alinieleza usanisinuru kuanzia maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, mwanga wa jua, rangi ya kijani kwenye majani, mpaka hewa ya oksijeni inayotoka. Somo zima alikuwa nalo. Alichokosa ni majina ya vitu hivyo kwa lugha nyingine, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfunga mdomo. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na huzuni kubwa.

Tangu hapo, kila somo jipya naanza kwa kumwacha mwanafunzi anieleze kwa Kiswahili anachokijua. Ndipo tunachukua sentensi zake mwenyewe na kuzivusha, moja baada ya nyingine. Neno gumu kama "photosynthesis" halimtishi tena, kwa sababu tayari ana mahali pa kuliweka.

Siku ya kwanza kabisa huwa nampa imani kwa njia rahisi. Namwambia aniandikie: blanketi, tiketi, benki, basi, koti, penseli, glasi. Kisha namwambia aondoe irabu ya mwisho na asome tena. Hata mtoto aliyekuja ameinamisha kichwa hutabasamu, maana anagundua kwamba mfukoni mwake tayari kuna maneno mengi. Ila mwonye mapema kwamba ufunguo huo haufungui kila mlango. Meza tuliipata kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani. Na hoteli imebadilika ilipofika kwetu: ukisema umekula hotelini, Mtanzania anaona wali maharage kwa mama ntilie, mgeni anaona jengo lenye vyumba vya kulala.

Kwenye matamshi, anza na kile ambacho Kiswahili kimeshatupa. Walimu wengi wapya wanahangaika na "think" na "this" kana kwamba ni sauti za ajabu, wakati mtoto anayetamka vizuri thelathini na dhahabu anazo zote mbili. Anayesema "sink" mara nyingi ni yuleyule anayesema "selasini". Rekebisha thelathini kwanza, Kiingereza kitafuata. Ugumu wa kweli uko kwenye irabu. Sisi tunazo tano, Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi kuliko herufi zake za irabu, kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" zote zinaangukia kwenye "a" yetu moja. Usijaribu kuzitenganisha zote kwa wiki moja. Mimi naanza na zile ndefu, kwa sababu tunazo: "sheep" ina ile ii ya hii, "fool" ina ile uu ya huu. Baada ya hapo "ship" na "full" zinaanza kusikika tofauti zenyewe.

Kuna pia mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, na sikio la mwanafunzi linategemea hivyo. Kiingereza kinauhamisha. "Photograph" mkazo uko mwanzo, "photographer" umeshahamia silabi ya pili. Tunapiga makofi, kofi kubwa kwenye mkazo. Watu wazima huona aibu kidogo siku ya kwanza, siku ya pili wanapiga kwa nguvu.

Sasa yale makosa ambayo kamusi haitakuonya. Kusikia kwetu kunabeba mengi: nasikia njaa, nasikia harufu, nasikia baridi. Mwanafunzi atasema "I hear hungry", na hajakosa akili, ametafsiri kwa uaminifu. Ukimwambia "sorry" mtu aliyejikwaa, Mwingereza anaweza kukujibu kwamba si kosa lako, kwa sababu pole yetu haina mwenzake kule. Kiambishi "a" kinatosha kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana mtu anaweza kumwita mama yake "he" kwa miaka. Na swali la kukanusha ni hatari zaidi. Ukimuuliza Mswahili "Hujaelewa?", akijibu "Ndiyo" ana maana hajaelewa. Kwa Kiingereza "yes" hiyo inamaanisha ameelewa. Fikiria nesi na mgonjwa wanavyoweza kupishana hapo.

Lakini kosa linaloniuma mpaka leo ni la saa. Nilikuwa na mwanafunzi mtu mzima, dada aliyekuwa akitafuta kazi ya mapokezi. Tulifanya mazoezi ya usaili mwezi mzima, akawa anajieleza vizuri sana. Akapigiwa simu kwa Kiingereza, akaambiwa "nine o'clock". Akafika saa tisa alasiri, amevaa vizuri, na cheti chake kwenye bahasha. Walikuwa wamemsubiri saa tatu asubuhi. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Sikuwahi kumfundisha kwamba saa zetu na zao zinapishana kwa sita, kwa sababu nilidhani ni jambo la kitoto. Siku hizi mwanafunzi wangu yeyote, awe na miaka 13 au 50, hamalizi wiki ya kwanza kabla hatujafanya saa.

Watu wazima wanahitaji Kiingereza cha kazi yao. Mama mmoja wa Kariakoo, mfanyabiashara wa mabegi, alinifuata wiki sita kabla ya safari yake ya kwanza kwenda Guangzhou, China. Nilimletea kitabu chenye habari za familia moja na bustani yao. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, mimi naenda kununua mabegi." Alikuwa sahihi kabisa. Nikakifunga kitabu, nikamwomba alete risiti zake na begi moja bovu. Tukafundishana juu ya lile begi: zipu imekufa, mshono umefumuka, rangi siyo niliyoagiza, ukipunguza bei nachukua mia mbili, mzigo utatoka lini. Asubuhi nilimtumia sentensi tano kwa sauti kwenye WhatsApp, naye akanijibu akiwa kwenye daladala, kelele za konda zikisikika nyuma. Ilikuwa kozi bora kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Kwa watoto wa sekondari, kazi yao ni mtihani, na hapo usidharau maneno ya kuamrisha. Mtoto anaweza kujua jibu lote akakosa alama kwa kutojua tofauti ya "mention", inayotaka orodha fupi, na "explain", inayotaka maelezo. "Account for" humdanganya kila mmoja, kwa sababu anaona "account" na kuwaza benki, kumbe anaulizwa sababu. Namtengenezea kadi za maneno hayo, azibandike ukutani juu ya kitanda.

Usimkatize mtu anapozungumza. Nina daftari dogo. Yeye anaongea, mimi naandika makosa kimya, na mwisho wa somo nachagua mawili tu. Mawili. Mengine yatarudi, hayana haraka. Wengi wa wanafunzi wetu wamewahi kuchekwa darasani walipojaribu kufungua mdomo, na kicheko hicho bado kinawakalia shingoni.

Mambo ya kazi yenyewe ni machache: kubaliana malipo kabla ya somo la kwanza, pokea mwanzoni mwa mwezi, na ukifundisha mtoto kaeni sebuleni mlango ukiwa wazi na mtu mzima wa nyumba akiwepo. Hilo la mwisho usilegeze hata kwa familia unayoifahamu.

Na ujue wakati wa kuacha. Yule kijana wa Tandika, mwezi wa Machi alipokuwa kidato cha kwanza, alinisimamisha katikati ya sentensi akaniambia nimesema "he" wakati tulikuwa tunamzungumzia malkia. Ilikuwa kweli, ulimi uliteleza. Jioni ile nilimwambia mama yake kwamba mtoto hanihitaji tena. Hakufurahi, alitaka aendelee mpaka Juni. Tulikaa tukaongea, chai ikapoa, mwisho akaniuliza kama Januari inayofuata ningeweza kumchukua mdogo wake.