Makato si pesa za chuo: kwa unayeanza kazi idara ya fedha

Mdogo wangu, ukiingia idara ya fedha ya chuo kikuu cha umma hapa Kenya, pengo la bajeti utalikuta limekutangulia mezani. Utaonyeshwa mafaili, utapewa neno la siri la mfumo wa malipo, na kabla ya mwezi kuisha utasikia mtu akisema, "Mishahara itoke, makato yasubiri." Nimefanya kazi hii miaka 18, na sentensi hiyo ndiyo ninayotaka uiogope kuliko zote.

Nilijifunza haya dirishani. Alikuja mzee mmoja, mpishi wa jiko la wanafunzi, na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi zake za mshahara za miezi 14, amezipanga kwa tarehe. Kila moja ilionyesha Sh6,400 zimekatwa kulipia mkopo wake wa Sacco, chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Chini kabisa aliweka barua ya Sacco: hajalipa kwa miezi 11, na wadhamini wake wawili wataanza kukatwa akiba zao. Wadhamini wenyewe walikuwa wenzake wa jikoni, watu anaosimama nao kwenye sufuria kila alfajiri. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kama nyinyi mlikata na wao hawakupokea, zilienda wapi?"

Nilijua zilikoenda. Hakuna aliyeziiba. Zililipa mishahara ya mwezi uliofuata, zikalipa umeme, zikanunua kuni za jiko hilohilo alilokuwa akipikia. Sikuwa na maneno ya kumwambia, nikamwomba arudi wiki ijayo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hivi ndivyo inavyotokea. Mgao wa serikali unaingia kidogo kuliko jumla ya mishahara, na karo bado haijakusanywa. Pesa iliyopo inatosha kile ambacho mfanyakazi anakiona benki, yaani mshahara baada ya makato. Mshahara huo usipoingia, kesho yake chuo kimefungwa. PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), pensheni na Sacco hazipigi kelele siku hiyohiyo, kwa hiyo zinasukumwa mbele: tutalipa mgao ukiingia. Mgao ukiingia, unakuta mwezi mwingine umeshafika na njaa yake.

Watu huona huo ni mkopo wa bure. PAYE inatakiwa kufika KRA, mamlaka ya kodi, ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa kuna adhabu ya asilimia 5, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi, na deni hilo linaweza kukaa miaka. KRA pia ina uwezo wa kisheria wa kuiagiza benki iitoe pesa moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Fikiria hilo likitokea wiki ya kufungua muhula, wakati wazazi wametoka kuuza ng'ombe na kulipa karo. Pensheni ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye pesa hajui. Atajua siku anayostaafu.

Kwa hiyo kila mwezi, kabla ya tarehe 5, andika ukurasa mmoja: jumla ya mishahara, kiasi kilicholipwa, makato yasiyowasilishwa, na kila deni lina umri gani. Mpe mkuu wako kwa maandishi, hata kama hakukuomba. Mkuu anayeona "makato milioni 40" anaweza kupumua na kuendelea na kazi. Anayeona "Sacco ya wapishi, miezi 11" hulala vibaya, na ni vizuri alale hivyo. Pesa zisipotosha kabisa, msimamo wangu ni kwamba chuo kiketi na vyama vya wafanyakazi, yaani UASU ya wahadhiri, pamoja na KUSU na KUDHEIHA za wafanyakazi wengine, kiweke hesabu mezani na kikubaliane nao waziwazi kuhusu kulipa sehemu ya mshahara mwezi huo. Itakuwa siku ngumu. Lakini kumkata mtu, kumpa karatasi inayosema umekata, halafu usiwasilishe, huko ni kumdanganya kwa maandishi.

Utauliza pengo lenyewe lilitoka wapi. Kwa vyuo vingi, jibu liko kwenye masomo ya kujilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, vingine vikafuata, na pesa hizo zikaajiri watu, zikajenga, zikakodi majengo mijini kwa ajili ya kampasi ndogo. Kisha usimamizi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ukakazwa. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 169,000 walipata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, mwaka 2016 hawakufika 89,000, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Karibu kila aliyefikisha alama hiyo akapata nafasi ya kulipiwa na serikali, na baadhi wakapelekwa vyuo vya kibinafsi. Foleni ya wanaojilipia ikakatika, ila kodi za majengo na mishahara zikabaki palepale. Nimekaa kwenye vikao ambapo mapato ya kujilipia yaliandikwa yaleyale ya mwaka uliopita, miaka mitatu mfululizo, kwa matumaini tu.

Basi usikubali kuandika mapato kwa orodha ya waliopangiwa chuo. Hesabu waliofika, wakasajili masomo. Tangu mwaka 2023, gharama za mwanafunzi mpya zimegawanywa kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia, kwa hiyo mwanafunzi mmoja ni mapato ya aina tatu, na kila moja ina mwendo wake. Mchango wa familia huja kwa vipande, mara nyingi wiki ya mtihani. Uandike hivyo kwenye mpango wa pesa wa kila mwezi. Bajeti ya mwaka inaweza kulingana vizuri na bado Oktoba ukakosa hata pesa ya maji.

Kuna deni lingine ambalo halimo kwenye vitabu kabisa: la wahadhiri wa muda. Idara inakosa mtu wa kufundisha, mwenyekiti anampigia simu rafiki yake, kozi inafundishwa, na dai linakaa kwenye droo hadi alama zitolewe. Mwaka mmoja nilizunguka idara zote kwa miguu nikiomba kuona droo hizo. Katika moja nilikuta madai yamefungwa kwa uzi, ya chini kabisa yana umri wa mihula mitano. Hakuna lililokuwa limefika kwetu. Baada ya hapo tuliweka sharti kwamba asianze mtu kufundisha bila barua yenye idadi ya masaa na saini ya idara ya fedha. Wenyeviti walinung'unika, na nawaelewa, lakini muhula uliofuata tulijua tunadaiwa nini.

Na usidharau kazi ya kulinganisha taarifa ya benki na akaunti za wanafunzi. Inachosha macho. Kuna mzazi aliyelipa bila kuandika namba ya usajili, kuna mfadhili wa kaunti aliyetuma hundi moja kwa wanafunzi 60 na orodha ikapotea. Mwanafunzi anazuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani wakati pesa yake tumeikalia sisi. Anza na hizo kabla hujaandikia yeyote barua ya deni.

Kuhusu kubana matumizi sina mengi. Safari na posho za vikao zikatwe kwanza, kemikali za maabara mwisho.

Jumatatu yako ya kwanza, omba jedwali la makato ambayo hayajawasilishwa. Lipange kuanzia la zamani zaidi, kisha uliza yale ya juu kabisa ni ya nani. Deni la yule mzee lilimalizika baada ya miezi 19. Tulililipa kidogo kidogo, kila mgao ulipoingia, kabla ya vocha nyingine yoyote. Nilimpelekea barua ya Sacco jikoni mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akampa mdhamini wake wa kwanza naye aisome. Wa pili alikuwa ameshastaafu. Akiba yake ilikatwa, na kumrudishia kulituchukua mwaka mwingine mzima.