Je, galaksi za redio ni galaksi zilizogongana?

SWALI: Nimesoma kwamba zamani wanaastronomia waliamini galaksi zinazotoa mawimbi makali ya redio ni galaksi mbili zilizogongana. Kwa nini wazo hilo liliachwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Wazo hilo lilitokana na Cygnus A, chanzo chenye nguvu cha mawimbi ya redio angani. Mwaka 1951 Graham Smith wa Cambridge alipima mahali pa chanzo hicho kwa usahihi uliomwezesha mwanaastronomia Walter Baade kukielekezea darubini ya Palomar huko California, yenye kioo cha kipenyo cha mita 5. Pichani ilionekana galaksi hafifu yenye kitu mfano wa viini viwili vilivyokaribiana, na Baade akasadiki kwamba ni galaksi mbili zinazopigana kumbo. Mwenzake Rudolph Minkowski alipinga, hadi uchanganuzi wa mwanga ulipoonyesha gesi iliyosisimka mno, jambo walilolichukua kuwa dalili ya mgongano; mwaka 1954 wakachapisha hoja hiyo pamoja.

Hata hivyo, mwaka 1953 Jennison na Das Gupta wa Jodrell Bank, kituo cha astronomia ya redio nchini Uingereza, walikuwa wamekwisha kugundua kwamba mawimbi hayo hutoka hasa katika mawingu mawili, moja kila upande wa galaksi. Kwa maoni yangu, ugunduzi huo ulistahili kusikilizwa mapema zaidi, kwani mgongano ulishindwa kueleza mpangilio huo, sembuse nishati kubwa mno ambayo Geoffrey Burbidge aliikokotoa baadaye.

Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell alipendekeza kwamba shimo jeusi kubwa (kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki) hukaa katikati ya galaksi na kuwa chanzo cha nishati hiyo, na mwaka 1974 Blandford na Rees wakaeleza jinsi michirizi ya gesi inayotoka katikati hapo inavyoweza kusafirisha nishati hadi kwenye mawingu yale mawili. Mchirizi mwembamba wa Cygnus A ulionekana waziwazi katika picha za redio zilizochapishwa mwaka 1984.