Sio bodi inayoteleza, ni makali uliyoyamaliza kwa tupa

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi naishi Munich, wikendi nyingi navuka kuja Austria kukava, yaani kushuka mlima wa theluji kwa bodi (snowboard) nikikata kona kwa makali yake, huu ni msimu wangu wa tano. Nina kilo 64. Bodi ninazo mbili, moja ya buti laini, urefu 160, kiuno (upana wa katikati) sentimita 26, nyingine ya mtumba ya buti ngumu, urefu 171, kiuno sentimita 20, ndani ina karatasi za metali za titanali, radiasi (ya upinde wa ubavu wake) mita 12. Asubuhi njia ikiwa barafu zote mbili zinaniachia, hasa nikilalia upande wa visigino. Mchana theluji ikilainika ile ya titanali inachimba pua, yaani ncha ya mbele inazama. Nimeona video jamaa kalinganisha bodi sita akasema iliyo ngumu na ndefu kuliko zote ndio inashika barafu. Sasa kuna mtu ananiuzia ya mashindano, 185. Nichukue? Makali hayana shida maana nanoa mwenyewe kila Ijumaa, chini na ubavuni.

JIBU: Kaka, usichukue. Hela yako kaa nayo kwanza, maana ugonjwa umeutaja mwenyewe kwenye mstari wa mwisho, pale uliposema makali hayana shida. Kila Ijumaa, chini na ubavuni. Hilo neno "chini" nalisikia hapa Tirol, Austria, kwenye meza yangu ya kazi kuanzia theluji ya kwanza mpaka lifti zinafungwa, na kila anayelisema anakuja na maneno yaleyale, bodi hii haifai kwenye barafu, nauza, nipe jina la nyingine.

Ukingo wa chuma una nyuso mbili. Wa ubavuni ndio unaonolewa, huo unoe hata kila siku ukitaka. Wa chini, ule unaolala na theluji, unakatiwa engo yake mara moja, nusu digrii mpaka digrii moja, halafu unauacha hivyohivyo, labda jiwe laini la almasi tu kuondoa vinywele vya chuma vilivyojikunja. Wewe ukipitisha tupa chini kila wiki, kila ukipita unafungua ile engo kidogo, digrii moja inakuwa moja na nusu, inakuwa mbili, na kama mkono wako unaegemea upande mmoja inafika tatu na hujui. Sasa piga hesabu. Ubavu umeukata digrii 88 badala ya 90, yaani umejipatia digrii mbili za ukali, chini kuna digrii moja, kona ya chuma imebaki digrii 89, safi kabisa. Chini ikifika tatu, kona ni 91. Umenoa msimu mzima na umepata kona butu kuliko ya mraba, tena ili chuma kiguse theluji vizuri lazima ulaze bodi digrii tatu kwanza, na kwenye barafu ule muda wa kungoja ndio bodi inakuponyoka.

Na kinachowadanganya watu ni kidole. Unapitisha kidole unaona inakata, unasema kali hiyo. Inayokata ni vile vinywele vya chuma vilivyoachwa na tupa, vinalala mita mia moja za kwanza ukifika chini hamna kitu. Pima kwa kucha, buruta kucha taratibu kwenye kona kukata upana wake, inatakiwa ikwangue unga mweupe wa kucha, na ikwangue sawasawa kila mahali.

Ukitaka kujua hali ya chini chukua rula ya chuma iliyonyooka kabisa, isimamishe kukatiza tumbo la bodi, yaani uso wake wa chini, inyanyue juu uangalie kwenye mwanga. Mwanga ukipenya pale ukingoni tu, kama uzi, hapo sawa. Ukianza kupenya sentimita moja au mbili ndani kwenye plastiki, basi umeshakula mpaka tumbo. Ukiona giza pembeni na mwanga katikati ina maana tumbo limebonyea, hapo kingo zimesimama juu na bodi itakuwa inajikamata yenyewe bila kukuuliza. Halafu paka wino wa kalamu nene kwenye chuma, pitisha tupa yenye kishikizo cha digrii mara moja tu, angalia wino umetoka wapi. Ukitoka kona tu au ndani tu, engo yako sio hiyo unayoidhani. Anza na upande wa visigino, maana umesema ndio unaokuachia zaidi. Inawezekana ni mkao pia, wengi upande huo wanakaa kama wako kwenye kiti badala ya kukunja magoti, lakini mkao hatuwezi kuuongelea kama chuma chenyewe ni butu.

Dawa ya chini iliyofunguka ni moja tu, mashine ya jiwe. Tumbo linasagwa mpaka lilingane na chuma, engo inakatwa upya. Na kila ukisaga unapunguza tumbo na chuma, bodi haina maisha ya kusagwa kila mwezi, ndio maana nakasirika nikiona mtu anafundisha wenzake kupiga tupa chini kana kwamba chuma kinaota kama nywele.

Sasa theluji yenyewe. Asubuhi ya baridi kavu, mashine imetoka kuchana njia usiku, theluji ni ya asili na imeshindiliwa vizuri, hapo bodi yoyote inashika, hata iliyonolewa vibaya, kwa hiyo hapo huwezi kujifunza chochote kuhusu bodi. Theluji ya mizinga, ile inayotengenezwa kwa mashine, ni kitu kingine, punje zake ni ndogo, za mviringo, zinashikana zikawa ngumu karibu kama zege, na inakula makali haraka, ukikava siku nzima juu yake jioni noa ubavu. Halafu kuna ile ya masika, Machi na Aprili, imeyeyuka mchana ikaganda usiku. Saa mbili asubuhi ni kioo, saa tano inakuwa chenga kama chumvi ya mawe, na huo ndio utamu wenyewe, saa nane ni uji. Njia ileile, siku ileile, theluji tatu tofauti, na upande unaopigwa jua mapema unabadilika kabla ya ule wa kivulini.

Kwenye kioo unahitaji kona kali, bodi isiyojipinda kama kamba ukiikamua kutoka pua mpaka mkia, na kitu cha kunyamazisha mtetemo. Hapo ndipo titanali inapofanya kazi yake. Ni karatasi za aloi ya aluminiamu, hazifiki milimita moja, zimelazwa juu na chini ya mbao na mara nyingi zinaambatana na mpira mwembamba, bodi inatulia badala ya kurukaruka, ukingo unabaki kwenye mfereji wake. Kwenye uji mambo yanageuka, theluji yenyewe ndio inavunjika chini ya ukingo, ukiwa mkali namna gani haisaidii, unachohitaji ni eneo la kukubeba, kiuno kipana kidogo na pua laini iliyoinuka mapema. Kwa hiyo hiyo ya buti laini, kiuno 26, ndio bodi yako ya mchana. Ile ya titanali inachimba pua kwa sababu ni nyembamba na bado unaibana kama uko kwenye barafu, unaegemea mguu wa mbele kuingia kona. Simama katikati, punguza kuilaza, ingia kona taratibu, itaelea. Na nta inayopakwa tumboni ili bodi iteleze, mchana wa masika ile nta ngumu ya baridi inakunyonya tu, weka laini ya joto, ukishaikwangua piga burashi mpaka mistari ya tumbo ionekane, maji yanahitaji pa kupitia.

Haya, hiyo 185. Bodi haikati kona kwa sababu ni ngumu, inakata kwa sababu inajikunja. Ukilaza bodi, mkato wa kiuno unaiacha katikati ikiwa hewani, uzito wako na kasi vinaibonyeza mpaka ukingo wote uguse, na hapo ndipo upinde unapopatikana. Kwa hesabu ya haraka kwenye theluji ngumu, radiasi ya kona ni radiasi ya bodi mara kosaini ya engo uliyoilaza. Ya kwako ya mita 12 ukiilaza digrii 60 inakupa kona ya mita 6. Bodi za mashindano za urefu huo zinakwenda mita 18 na zaidi, zimeundwa kwa mtu anayeshuka kwa kasi kwenye njia iliyonyweshwa maji ikaganda makusudi. Wewe kilo 64, kwa kasi ya kawaida, kwenye njia yenye watoto na walimu wao, hautaikunja. Isipokunjika ncha zinabeba, katikati hakuna nguvu, ukingo unasukuma theluji pembeni badala ya kuikata. Yaani utateleza zaidi ya sasa hivi, ila kwa kasi kubwa na kwenye kona pana zaidi. Ugumu wa kukamuliwa na ugumu wa kukunjwa ni vitu viwili, na jamaa wa video kavichanganya.

Na hizi video, jamani. Mtu anaanza na bodi ya kwanza saa tatu asubuhi, anamaliza na ya sita saa tisa alasiri, halafu anakaa chini anatoa maksi. Umelinganisha nini hapo? Umelinganisha asubuhi na alasiri. Moja imetoka dukani na makali ya kiwandani, nyingine imeshapanda mawe wiki nzima, nyingine nta imeisha, na nguvu za miguu yake saa tisa sio za saa tatu. Kulinganisha kwa kweli ni hivi: bodi mbili tu, zimenolewa engo moja na mkono mmoja, nta moja, njia moja, unashuka na ya kwanza, unashuka na ya pili, unarudi kwa ya kwanza. Kama ya kwanza imebadilika tabia kati ya mara ile na hii, basi theluji imebadilika na majibu yako hayafai. Ukiwa kwenye lifti angalia alama yako chini. Ukikata kweli unaona mstari mwembamba kama umechorwa na kisu. Ukiona alama pana kama umefagia, uliteleza, hata kama ulijisikia shujaa.

Kwenye Olimpiki ya Vancouver 2010, mashindano ya sambamba (wawili wanashuka pamoja) ya Cypress Mountain yalipigwa na mvua na ukungu, theluji yenyewe ilikuwa shida mpaka nyingine ikaletwa kwa malori na helikopta, na Jasey-Jay Anderson wa Canada akachukua dhahabu. Hali kama hiyo inakuta timu zinahangaika na nta, mistari ya tumbo na ukingo mpaka dakika za mwisho. Huku kwetu mtu akiteleza mara mbili anafungua simu kutafuta bodi nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni wanaouza njia za mkato. Kuna vile vinoleo vya mfukoni vya plastiki, unakandamiza unavuta, vinakwangua chini na ubavu kwa pamoja kwa engo wanayoijua wao, nimeshapokea bodi mpya kabisa zimeharibiwa navyo ndani ya wiki tatu. Kuna wanaouza mabaki ya nta ya florini kimyakimya, "ya mabingwa hii", wakati FIS, shirikisho la kimataifa la ski na snowboard, imeipiga marufuku mashindano yake yote tangu msimu wa 2023/24, na mtu anaenda kuiyeyusha kwa pasi jikoni kwake madirisha yamefungwa watoto wako hapo. Ule moshi ni sumu. Florini haishiki barafu, kwanza hata haihusiki na makali.

Halafu bodi za mashindano za mtumba. Titanali ikishapinda hairudi. Mbao na faiba zinarudi, chuma kinabaki kilivyopinda, na mkunjo mdogo wa pua kwenye picha huuoni. Alinijia kijana mmoja ametoa hela nyingi kwa bodi kama hiyo unayouziwa, ndefu, ngumu, nzuri kwa macho, pua imepinda kidogo upande mmoja, chini imeliwa kwa tupa na aliyekuwa nayo. Alikuja na mkono kwenye bandeji. Bodi ilimwachia kwenye barafu akaenda kwa mgongo mpaka kwenye wavu, na bado swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna iliyo ngumu zaidi. Nilishindwa hata kumjibu. Mtu anayekava anakata njia nzima toka ukingo huu hadi ule, ukiachia hapo hauanguki peke yako, kuna mtu anashuka nyuma yako na mwingine yuko chini yako.

Kwa hiyo wikendi hii usinoe kwa tupa. Laza ile ya 171 kwenye meza, tumbo chini, uangalie kama katikati imeinuka na kama pua na mkia zinagusa sawa kushoto na kulia, maana na yenyewe ni ya mtumba. Piga rula, piga wino, pande zote mbili. Kama chini imefunguka, peleka kwa fundi mwenye mashine ya jiwe na umwambie kwa mdomo wako: chini nusu digrii, ubavu 87, pua na mkia apunguze ukali kidogo tu pale ukingo unapoanza kuinuka. Hiyo ya buti laini mwambie chini digrii moja, ubavu 88. Halafu nenda asubuhi moja ya barafu na uandike saa, jotoridi na alama uliyoacha, ndio unitumie.